Kufufua Pikapu ya Zamani: Kemia, Fizikia na Kazi ya Mikono

Ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Methali hii ilisemwa kwa ajili ya vyombo vya majini, lakini yafaa pia kwa chombo kimoja cha nchi kavu: pikapu ya zamani ambayo injini yake huweza kuzungusha magurudumu yote manne. Katika Mkoa wa Mara, kutoka Musoma hadi Bunda na Butiama, gari la namna hiyo ni chombo cha kazi. Hubeba samaki, mahindi, mihogo na saruji, na wakati wa masika hupita katika tope ambalo magari mengine hukwama.

Tuseme pikapu kama hiyo imekaa juu ya mawe kwa miaka mingi katika ua wa nyumba huko Kamunyonge, Manispaa ya Musoma. Mwenye gari anakabiliwa na swali moja: je, lifufuliwe, au likatwe na kuuzwa kuwa vyuma chakavu? Swali hilo halijibiwi kwa mapenzi peke yake. Hujibiwa kwa kupima. Chesisi iliyooza au breki mbovu huweza kuwaua waliomo garini na wapita njia, hata kama rangi ya gari inang'aa na injini inaunguruma vizuri.

Asili ya gari lenyewe

Mfano ulio mashuhuri zaidi katika Afrika ya Mashariki ni Land Rover. Gari hili lilibuniwa nchini Uingereza na Maurice Wilks wa kampuni ya Rover, ambaye shambani kwake alitumia gari la kijeshi aina ya Jeep lililobaki baada ya Vita Kuu ya Pili. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Series I ilifuatiwa na Series II mwaka 1958, na Series III ikatoka mwaka 1971. Pikapu ndefu zenye inchi 109, yaani mita 2.77, kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma zilifanya kazi katika idara za serikali, misheni, mashamba na hifadhi za wanyama.

Baada ya vita chuma cha pua na cha kawaida kiligawiwa kwa kipimo nchini Uingereza, lakini aluminiamu iliyokuwa ikitumika katika ndege ilipatikana. Kwa hiyo bodi ya gari ilitengenezwa kwa aloi ya aluminiamu na magnesi, na chesisi ikaundwa kwa mabamba ya chuma yaliyochomelewa kuwa mfano wa sanduku refu lenye uwazi ndani. Uamuzi huo uliotokana na uhaba ndio unaomsumbua fundi mpaka leo, kwani metali mbili tofauti zimefungwa pamoja kwa bolti.

Kutu na unga mweupe

Chuma hupata kutu kinapokutana na maji na oksijeni kwa pamoja. Kikikosa kimoja kati ya hivyo viwili, kutu haifanyiki. Chumvi haileti kutu yenyewe, bali huyawezesha maji kupitisha umeme kwa urahisi, na hivyo huharakisha kazi. Ndiyo sababu gari la Tanga au Unguja huoza upesi kuliko gari la Musoma, ambako maji ya ziwa ni baridi yasiyo na chumvi nyingi. Hata hivyo, pikapu ya Musoma iliyobeba kayabo, yaani samaki waliotiwa chumvi, hupata adhabu ile ile ya pwani, kwa kuwa maji ya chumvi huchuruzika kutoka sandukuni hadi kwenye chesisi.

Aluminiamu inapogusana na chuma mahali penye unyevu, hutokea jambo jingine. Metali hizo mbili pamoja na maji huwa kama betri ndogo. Katika mfuatano wa utendaji wa metali, aluminiamu ina kipimo cha volti -1.66, zinki -0.76 na chuma -0.44. Metali iliyo na kipimo cha chini zaidi ndiyo inayotoa elektroni na kuliwa. Basi pale bodi inapokutana na bolti ya chuma, aluminiamu ndiyo inayoharibika, na unga mweupe huonekana kuzunguka bolti. Dawa yake ni kuzitenganisha metali hizo kwa rangi na mpira mwembamba, na kutumia bolti zilizopakwa zinki.

Kuipima mifupa ya gari

Kazi huanzia kwenye chesisi, wala si kwenye injini. Fundi hukwangua tope lote, kisha hugonga chesisi kwa nyundo ndogo hatua kwa hatua. Chuma kizima hutoa mlio mkavu. Kilichooza hutoa sauti nzito iliyofifia, na bisibisi hupenya. Sehemu za kuchunguzwa kwa makini zaidi ni zile zinazoshika springi, boriti ya nyuma kabisa, na ukuta wa chuma ulio mbele ya miguu ya dereva. Kwa kuwa chesisi ina uwazi ndani, tope lililoingia humo hutunza unyevu, na kutu hula kutoka ndani kwenda nje. Rangi ya nje yaweza kuwa safi hali bamba, lenye unene wa takriban milimita 2 tu, limebaki kama karatasi.

Baada ya hapo chesisi hupimwa kama imepinda. Hapa jiometri ya kidato cha kwanza inatosha. Fundi huchagua nukta nne zinazolingana, mbili kila upande, na kupima kwa utepe mishazari miwili inayokatana. Mishazari ikiwa na urefu sawa, umbo ni la pembe mraba. Ikitofautiana, gari liliwahi kugongwa, nalo litakwenda upande upande barabarani. Sehemu mbovu hukatwa mpaka kwenye chuma kizima, na kipande kipya cha unene ule ule huchomelewa. Kubandika bamba juu ya kutu ni kuificha hatari, kwa sababu kutu huendelea kati ya mabamba mawili. Ikiwa sehemu kubwa ya chesisi imekwisha, jibu la kweli ni kutafuta chesisi nyingine au kuliacha gari.

Injini

Injini ya petroli iliyotumika kwa wingi tangu 1958 ina silinda 4. Kila silinda ina kipenyo cha milimita 90.47, na pistoni husafiri milimita 88.9. Mwanafunzi akizidisha eneo la duara kwa mwendo wa pistoni, kisha kwa 4, atapata sentimita za ujazo 2,286 hivi. Kwa miaka mingi pistoni husukuma zaidi upande mmoja, na silinda huacha kuwa duara kamili. Ndiyo maana hupimwa katika pande mbili na katika vina vitatu. Ikizidi kulika, hupelekwa kwenye karakana yenye mashine ya kukereza, ikapanuliwa kwa kipimo maalumu, tuseme nusu milimita, na kutiwa pistoni kubwa zaidi.

Mambo mawili huhitaji uangalifu. Kwanza, nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa mwaka 2006. Risasi ile ilikuwa sumu, hasa kwa ubongo wa watoto, lakini pia ililinda viti vya valvu katika injini nyingi za zamani. Kwa hiyo kichwa cha silinda kikifunguliwa, ni vizuri kuhakikisha kwamba viti vya valvu za kutolea moshi ni vya chuma kigumu. Pili, uso wa Ziwa Viktoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapo ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko pwani, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 za Selsiasi. Kofia ya rejeta yenye springi huongeza kanieneo ndani ya mfumo na kuyafanya maji yachelewe kuchemka. Kofia iliyochoka huifanya injini nzima kuchemsha.

Magurudumu manne na gia mbili za ziada

Nyuma ya giaboksi ya kawaida kuna giaboksi ndogo inayogawa nguvu kwa ekseli mbili na kumpa dereva uchaguzi wa mwendo wa kawaida au wa polepole. Katika Series III, gia ya kwanza ya kawaida huifanya injini izunguke mara 20 hivi ili gurudumu lizunguke mara moja. Katika mwendo wa polepole hesabu hiyo hufika takriban 40. Nguvu ya injini haikuongezeka. Kasi imetolewa ili kupata msukumo, kama ilivyo katika wenzo.

Lakini gari linapokata kona, magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Giaboksi hiyo haina difu ya kati ya kusawazisha tofauti hiyo. Katika tope magurudumu huteleza kidogo na mambo huenda sawa. Katika lami kavu vyuma hujipinda mpaka kitu kikatike. Ndiyo sababu magurudumu ya mbele huunganishwa kwenye ardhi laini tu.

Breki

Pikapu yenye mzigo ikiwa na uzito wa kilo 2,000 na mwendo wa kilomita 60 kwa saa, ina nishati ya mwendo ya jouli 278,000 hivi. Kwa kilomita 80 kwa saa, nishati hiyo ni jouli 494,000. Mwendo umeongezeka kwa theluthi moja, lakini kazi ya breki imekaribia kuwa maradufu. Magari mengi ya namna hii yana mfumo mmoja tu wa mafuta ya breki, na bomba moja likipasuka breki zote hupotea. Mabomba ya zamani, mipira na silinda za breki hubadilishwa zote. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa, hivyo huwekwa mapya, wala hayachanganywi na mafuta ya injini, ambayo huiharibu mipira.

Hatari za uani

Asiingie mtu chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Magogo imara au stendi za chuma ni lazima. Tangi la petroli huondolewa kabla ya kuchomelea. Tangi tupu laweza kuwa hatari kuliko lililojaa, kwani mvuke wa petroli ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa hulipuka kwa cheche. Bitana za breki za zamani huweza kuwa na asbesto, ambayo vumbi lake huleta saratani. Zisipulizwe wala kusuguliwa zikiwa kavu; zilowanishwe kwa maji na kufungwa katika mfuko.

Jaribio kwa darasa

Chukua misumari minne mipya na chupa nne. Ya kwanza itiwe maji yaliyochemshwa na kufunikwa kwa mafuta ya kula. Ya pili maji ya ziwa. Ya tatu maji ya ziwa na kijiko cha chumvi. Ya nne kama ya tatu, lakini msumari ukazwe kwa kipande cha sufuria ya aluminiamu kilichosuguliwa kwa msasa. Baada ya siku saba, wanafunzi waandike ni msumari upi ulioshika kutu zaidi, na aluminiamu imebadilika vipi. Kisha waeleze ni chupa ipi inayofanana na pikapu ya kubebea kayabo.

Manufaa ya kazi hii

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipokuwa haba nchini Tanzania, vipuri viliadimika, na mafundi walijifunza kukereza bushi na kuunganisha gari moja kutoka katika mabaki ya mawili. Ujuzi huo haukupotea. Mwezi wa Oktoba 2024 wenye magari ya Land Rover, ya zamani na mapya, walikusanyika kwa tamasha mjini Arusha. Magari yale ya kale yalidumu kwa sababu yalifungwa kwa bolti, na kila kilichofungwa kwa bolti huweza kufunguliwa, kupimwa na kueleweka. Mwanafunzi anayejua kwa nini chuma hula aluminiamu na kwa nini mwendo huzidisha kazi ya breki, ataweza kuamua kwa haki ni gari lipi lirudi barabarani na lipi libaki juu ya mawe.