Moyo wa Kijana

Kuna usemi uliozagaa viwandani na maofisini kwamba ugonjwa wa moyo ni wa wazee, tena wazee wenye mali. Sisi twaukanusha usemi huo, na mashahidi wetu ni askari waliokwisha kufa.

Katika mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walitangaza matokeo ya kuchunguza maiti za askari wao 300 waliouawa katika vita vya Korea. Umri wao wa wastani ulikuwa kiasi cha miaka 22, nao walihesabiwa kuwa wazima wa kupigana. Hata hivyo, katika kila mia, 77 walikutwa na alama za ugonjwa katika mishipa iulishayo moyo damu. Wachache mshipa ulikuwa umekwisha kuziba kabisa.

Ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Mafuta hujikusanya katika ukuta wa mshipa pole pole tangu ujanani, bila maumivu. Siku moja utando wake hupasuka, damu huganda papo hapo, na sehemu ya moyo iliyokoseshwa damu huanza kufa.

Kwa kijana, mshtakiwa wa kwanza ni sigara. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 52, za Afrika zikiwamo, na kutangazwa mwaka 2004, uliiweka mbele pamoja na mafuta mabaya ya damu. Sukari, shinikizo la damu na unene wa tumbo vilikuwamo pia. Sigara hiyo, tukiri, huuzwa moja moja mlangoni pa kiwanda, na wanunuzi ni sisi wenyewe. Naye ambaye baba yake alipatwa na moyo kabla ya miaka 55 hana budi kujihadhari zaidi.

Lakini linalotuudhi kupita yote ni kuchelewa. Kijana hushikwa na maumivu ya kubana kifua, yakashuka mkononi au kupanda tayani, jasho jembamba likamtoka. Wenzake humwambia ni kiungulia. Msimamizi husema anategea kazi. Naye hunywa soda, akajilaza. Kumbe saa zile za kwanza ndizo ambazo daktari aweza kuufungua mshipa na moyo ukasalimika. Twawaomba viongozi wa matawi mahali pa kazi: mwenzenu akilalamika hivyo, msimwulize umri wake. Tafuteni gari.