Kinachowazuia njiwa wa Sarang'ombe kulea makinda

MTU anayepita asubuhi katika vichochoro vya Sarang'ombe, wadi ya eneobunge la Kibra jijini Nairobi, hakosi kusikia njiwa wakilia juu ya mapaa ya mabati. Vibanda vyao vimeundwa kwa mbao za masanduku, waya na mabaki ya mabati, vikatundikwa ukutani au kuinuliwa juu ya nguzo, kwa kuwa ardhi yenyewe imekwisha kujaa nyumba. Licha ya jina lake, Sarang'ombe leo si mahali pa kufugia ng'ombe. Mfugo unaowezekana huko, na vilevile katika sehemu nyingi za Kawangware ng'ambo ya Barabara ya Ngong, ni ule unaotosheka na mita moja ya ukuta.

Lalamiko la kawaida la mfugaji wa njiwa ni moja. Ndege wapo, wanalia, wanazungukana na hata kutaga, lakini makinda hawaonekani. Leo yai limepatikana sakafuni limepasuka. Wiki ijayo kinda wa siku kumi ameokotwa amekufa, kichwa kimedonolewa. Wakati huo wote ndege wanakula. Njiwa mmoja hula takriban gramu 30 hadi 40 za nafaka kwa siku, kwa hivyo ndege kumi humaliza kilo 10 hivi kwa mwezi, yaani gorogoro nne na zaidi za mahindi. Katika nyumba ambayo mahindi hayo hayo ndiyo unga wa jioni, kibanda kisichotoa makinda ni hasara inayolipwa kila siku.

Wengi wanapofikia hapo hukimbilia duka la dawa za mifugo kutafuta vitamini, ama hununua njiwa wa mbegu nyingine. Fedha hizo mara nyingi hupotea bure. Njiwa wa kufugwa ni ndege mwepesi mno wa kuzaa, na kinachomzuia kwa kawaida si damu yake wala upungufu wa dawa. Ni kukosa mahali pake mwenyewe, pasipogombewa na ndege wengine wala kuguswaguswa na binadamu.

Ili jambo hilo lieleweke, ni vyema kutazama jinsi jozi inavyolea. Dume huchagua pembe kwanza, akakaa hapo akilia na kumwita jike. Jike akikubali, huingiza mdomo wake katika mdomo wa dume na kulishwa kidogo, kisha hupandana. Siku nane hadi kumi baadaye jike hutaga yai la kwanza, aghalabu alasiri, na la pili hufuata baada ya takriban saa 44. Kuatamia kwa dhati huanza yai la pili linapotagwa, ndiyo maana makinda wote wawili hutotolewa karibu wakati mmoja, baada ya siku 17 hadi 19. Kazi hiyo hugawanywa. Dume huatamia kuanzia saa tatu au nne asubuhi hadi alasiri, naye jike huchukua zamu ya jioni na usiku mzima. Mmoja akiliwa na paka au akiibwa katikati ya zamu hizo, mayai huwa yamekwisha.

Kinda anapototolewa, wazazi wote wawili humlisha kile kinachoitwa maziwa ya njiwa. Ni uji mzito, wenye protini na mafuta kwa wingi, unaotoka katika kuta za gole, ule mfuko ulio kooni mwa ndege. Ni ndege wachache mno duniani walio na uwezo wa namna hiyo; miongoni mwao ni heroe, wale ndege wa waridi wanaototoa makinda yao katika Ziwa Natron nchini Tanzania. Kwa siku nne za kwanza kinda wa njiwa hali kitu kingine, kisha nafaka iliyolainishwa huchanganywa polepole na uji huo.

Maziwa hayo ndiyo yanayomtenga njiwa na ndege wengi wanaofugwa vizimbani. Mathalani, yupo ndege mdogo wa kaskazini mwa Australia aitwaye Gouldian, mwenye manyoya ya kijani, zambarau na manjano, anayependwa na wafugaji wa Ulaya na Marekani. Huyo porini huzaa mvua zinapokwisha na mbegu za nyasi kujaa, tena ndani ya mapango ya miti, na anayetaka azae katika kizimba cha nje hulazimika kumwigia mambo hayo kwa chakula maalumu na visanduku vilivyofunikwa. Njiwa hangoji msimu wa mbegu laini au wadudu, kwani chakula cha kinda kimo mwilini mwake. Aidha, Nairobi i karibu mno na ikweta, na urefu wa mchana haubadiliki sana kati ya Januari na Desemba. Wafugaji wa nchi za baridi huongeza taa vibandani wakati wa kipupwe. Mfugaji wa Gatwekera hana haja hiyo. Jozi iliyotulia inaweza kulea mara sita au zaidi kwa mwaka.

Tatizo, basi, ni utulivu. Kibanda cha kawaida mtaani huwa ni sanduku moja lenye rafu mbili tatu zisizogawanywa, na ndani yake hujazwa ndege kadiri mfuko ulivyoruhusu. Kila dume hutaka pembe. Pembe zisipotosha, madume hupigana usiku na mchana, na mapigano hayo hufanyika juu ya mayai ya mtu wa tatu. Mbaya kuliko wote ni dume asiye na mke. Huyo hana la kuatamia, kwa hivyo siku nzima huingia viota vya wenzake kutafuta jike na kupiga makinda. Kibanda chenye madume wawili wa ziada kinaweza kupita miezi bila kinda hata mmoja kuota manyoya, huku mwenyewe akimshuku panya.

Kwa sababu hiyo idadi ya jozi yafaa itokane na idadi ya vyumba, wala si kinyume chake. Kila jozi huhitaji chumba chake chenye kuta za mbao pande mbili, chenye urefu wa sentimita 60 hivi, na kina na kimo cha sentimita 30. Urefu huo una maana. Makinda wanapofika wiki mbili au tatu, jike hodari huwa tayari kutaga tena, na dume huachiwa kuwamalizia ulezi wale wa kwanza. Pasipo kiota cha pili humo chumbani, mayai mapya hutagwa katikati ya makinda wakubwa na kukanyagwa. Hili ni kosa dogo lenye gharama kubwa, maana mfugaji huamini kwamba jozi yake inalea mara mbili tu kwa mwaka.

Kiota chenyewe hakina gharama. Bakuli la udongo lafaa, ama kitako cha mtungi wa plastiki uliokatwa, mradi pawekwe kipande cha gunia chini. Plastiki tupu huteleza, na kinda anayekua juu ya utelezi hupanuka miguu, asiweze kusimama maisha yake yote. Vijiti na nyasi kavu vitawanywe sakafuni, kwa kuwa dume hupenda kuviokota mwenyewe na kumpelekea jike mmoja baada ya mwingine, na tendo hilo huwaunganisha.

Kutambua dume na jike ni mtihani hata kwa wazoefu. Dume kwa kawaida ni mnene wa shingo, hulia kwa nguvu na huzunguka mahali pamoja akiburuta mkia, lakini wapo majike wenye vishindo. Ushahidi wa hakika hupatikana kiotani. Penye mayai manne badala ya mawili, yumkini waliooana ni majike wawili, na mayai hayo hayataangua kamwe. Mfugaji anayetaka kuoanisha dume fulani na jike fulani huwatenga katika kizimba chenye kiwambo cha waya katikati, wakaonana bila kugusana kwa muda wa wiki moja hivi. Waya ikiondolewa na wakaanza kulishana, kazi imekwisha. Wakipigana, ni heri kuwatenganisha upesi kwani dume anaweza kumtoboa jike kichwa.

Yapo pia makosa ya mikono. Watoto hupenda kuonyesha wageni mayai, na hilo halishangazi, ila ndege mchanga anayetaga kwa mara ya kwanza hususa kiota kwa sababu ndogo sana. Kukagua mara moja kunatosha: siku ya sita au ya saba, jioni, yai likimulikwa kwa kurunzi ya simu, lenye uhai huonyesha mishipa myekundu kama mizizi. Yasiyo na kitu yaondolewe ili jozi isipoteze siku zake.

Kuhusu hali ya hewa, mabati ndiyo adui. Huchoma mchana wa Februari na kuganda usiku wa Julai, na makinda hufa kwa yote mawili. Ubao au katoni nene iliyopigiliwa chini ya paa, ikaachwa nafasi ya hewa katikati, hupunguza makali. Upande wa mbele ufunikwe kwa waya wa matundu madogo ambao panya hawezi kupita, na nguzo zivikwe bati laini ili paka asipande. Mwewe ni shida ya wale wanaoruka nje. Waliofungiwa hawamjui.

Chakula kisiwe mahindi matupu. Njiwa anayelea huhitaji protini, na kunde, ndengu au dengu kiasi cha sehemu moja kwa nne za nafaka huleta tofauti inayoonekana katika unene wa makinda. Huhitaji pia changarawe ndogo ya kusagia chakula tumboni, pamoja na chokaa ya kuimarisha maganda ya mayai. Maganda ya mayai ya kuku yaliyooshwa, yakakaushwa na kupondwa yanatosha. Mahindi yaliyoota kuvu, ambayo wengi huwatupia ndege kwa kuwa hayafai kupikwa, ni sumu kwao pia. Sumukuvu ndiyo iliyowaua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na ndege huidhurika upesi.

Anayenunua njiwa sokoni akumbuke tabia yao ya kurudi kwao. Wakifunguliwa baada ya siku mbili tatu, watarejea kwa muuzaji, na si wauzaji wote wanaohuzunika jambo hilo likitokea. Wafungiwe kwa wiki tatu au nne, na ikiwezekana wafunguliwe wakati wana mayai au makinda.

Ndege wapya wakae peke yao kwa wiki mbili kabla ya kuchanganywa. Kideri, ambao wengi huuita Newcastle, na virusi vya njiwa vilivyo ndugu yake hupindisha shingo, hutetemesha na kuleta kinyesi cha majimaji ya kijani. Chanjo ipo, lakini tiba hakuna. Ugonjwa mwingine huonekana kama utando wa manjano kooni. Huo hupita katika maji ya kunywa na katika yale maziwa ya gole, hivyo mzazi anayeonekana mzima huweza kuwaua makinda wake kila uzao. Huyo hutibika kwa dawa ya mtaalamu wa mifugo. Utitiri nao hujificha katika nyufa mchana na kunyonya damu usiku. Jozi inayokimbia mayai usiku bila sababu yafaa kumulikiwa kwa taa.

La binadamu halipasi kusahauliwa katika mtaa ambao ukuta wa kibanda ni ukuta wa chumba cha jirani. Vumbi la kinyesi kikavu cha njiwa hubeba kuvu iitwayo kriptokoka, inayoweza kusababisha homa ya uti wa mgongo kwa watu ambao kinga yao imedhoofika, wakiwemo wanaoishi na virusi vya Ukimwi ambao hawajapata matibabu. Kinyesi kinyunyiziwe maji kabla ya kukwanguliwa, anayesafisha afunike pua na mdomo, na kibanda kisielekezwe kwenye dirisha la mtu anayelala. Watoto wachanga na wagonjwa wasipewe kazi hiyo.

Baadhi ya wakazi bado wanakumbuka kware. Mwaka 2013 Wakenya waliwakimbilia ndege hao kwa sifa za mayai yao kuwa dawa ya kila maradhi, na ufugaji ukahitaji kibali cha Shirika la Wanyamapori nchini, KWS. Kufikia mwaka uliofuata bei ilikuwa imeporomoka na wengi wakabaki na vizimba vitupu. Njiwa wa kufugwa hajawahi kupanda bei kiasi hicho, wala hajashuka hivyo. Hata hivyo, hua na tetere wanaotegwa vichakani kuelekea msitu wa Ngong ni wanyamapori, na kuwafungia pasipo kibali ni kuvunja sheria ya mwaka 2013 inayowalinda.

Linalobaki ni uamuzi ambao wafugaji wengi huuchelea. Mwenye ndege kumi na wawili katika kibanda cha vyumba vitatu hana budi kuuza sita, akianza na madume wasio na wake, na kubaki na jozi tatu. Kati ya wiki ya nne na ya tano makinda huwa tayari kuuzwa au kutengwa. Wakiachwa humo humo hadi miezi mitano au sita, nao huanza kutafuta pembe.