Arusha, Moshi, Voi, Mombasa: Kula Vizuri na Kutembea Bila Kukwama na Pesa

Wikendi ndefu ikikaribia, kila kundi la WhatsApp huwa na mtu mmoja anayeuliza, "Sasa tunaenda wapi?" Wengi huishia Naivasha, na si vibaya. Lakini kuna mzunguko mwingine mtamu unaoweza kuumaliza kwa siku sita hivi: Nairobi, Namanga, Arusha, Moshi, Taveta, Voi, Mombasa, kisha nyumbani. Nchi mbili, sarafu mbili, na chakula kinachobadilika kila unaposhuka garini.

Shida ya safari hii huwa si barabara. Shida ni kwamba pesa yako iko kwenye simu, na ukivuka mpaka, simu ile ile iliyokulipia mafuta Kitengela haiwezi kukulipia chai Longido kwa njia uliyoizoea. Tukupeleke kituo kwa kituo: cha kuona, cha kula, na jinsi ya kulipa.

Kabla ya kutoka Nairobi

Makaratasi kwanza. Beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kama mnaenda na gari lenu, beba pia logbook na bima inayovuka mpaka.

Halafu pesa. Kama mko kundi, chagueni mweka hazina mmoja na kila mtu amtumie mchango wake mapema, mara moja tu. Mkianza kurudishiana pesa kila baada ya mlo, kila kutuma kunakatwa ada. Mfano rahisi: watu sita, chakula cha 4,800, mmoja amelipa na watano wanamrudishia 800 kila mmoja. Hizo ni ada tano kwa mlo mmoja. Zidisha kwa milo ya siku sita. Tena kuna wale husema "nitakutumia jioni," na jioni haifiki. Urafiki mwingi umeharibikia hapo. Mweka hazina aweke muhtasari kwenye kundi kila usiku: tumetumia hivi, imebaki hivi.

Pia, mwombe mtoa huduma wako awashe roaming kabla hujafika mpakani. Meseji za uthibitisho na menyu ya malipo zinahitaji laini yako iwe hewani.

Mwisho, usiweke mayai yote kapu moja. Acha kiasi kwenye simu, kiasi kwenye kadi ya benki, na kiasi cha noti mfukoni. Simu ikizima chaji au ikipotea, bado utakula.

Namanga: hapa ndipo sarafu inabadilika

Kutoka Nairobi hadi Namanga ni kama kilomita 165. Kituo cha mpaka ni cha pamoja, kwa hivyo shughuli za nchi zote mbili unazimalizia sehemu moja.

Utafuatwa na watu wenye bunda la noti wakikuahidi kiwango kizuri. Wapite kwa heshima. Badilisha kwenye benki au duka la kubadilisha fedha lenye leseni, hesabu noti mwenyewe kabla ya kuondoka dirishani, na chukua risiti. Na usimpe mtu simu yako "akusaidie kutuma," hata awe mpole namna gani.

Shilingi moja ya Kenya imekuwa ikizunguka karibu na 20 za Tanzania, japo kiwango hupanda na kushuka. Hesabu ya haraka: toa sifuri moja, gawanya kwa mbili. Ukiambiwa chakula ni elfu ishirini, usishtuke. Toa sifuri, zinabaki elfu mbili. Gawanya kwa mbili, ni kama elfu moja ya kwetu.

Usitegemee kulipa kwa shilingi za Kenya ukishavuka. Tangu mwaka 2025, kanuni za Tanzania zinakataza kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Muuzaji akikataa noti yako ya Kenya, hakuonei.

Arusha: historia mchana, choma jioni

Arusha ndiyo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na katikati ya mji kuna Mnara wa Saa ambao kila mtu hutumia kuelekezana. Tembelea makumbusho ya Azimio la Arusha ujue siasa ya Ujamaa ya mwaka 1967 ilitokana na nini. Mji wote umelala chini ya Mlima Meru wenye mita 4,566, na siku ya anga safi huhitaji kumwuliza mtu uko wapi.

Jioni tafuta mishkaki, nyama choma na ndizi za kuchoma, au chipsi mayai kama bajeti inalia. Adabu ndogo itakusaidia: badala ya "nipe chai," sema "naomba chai." Huduma hubadilika papo hapo.

Sasa malipo. Ukutani utaona kibandiko cha Lipa Namba. Hiyo inafanya kazi kama till ya kwetu, lakini si till ya kwetu. Ukiiandika kwenye menyu yako ya Kenya, huenda namba hiyo ni ya duka fulani Kenya, na pesa itaingia huko wakati wewe bado umesimama na sahani Arusha. Njia zako ni nne:

- Noti za Tanzania, hasa kwa vibanda na bodaboda.
- Kutuma kutoka simu yako ya Kenya kwenda kwa pochi ya simu ya Tanzania, kama huduma yako inaruhusu. Soma jina, ada na kiwango cha kubadilishia kabla ya kuweka PIN. Kiwango hicho ni gharama pia, hata kama hakijaandikwa "ada."
- Laini ya Tanzania, ambayo utasajili kwa pasipoti. Inafaa kama utakaa siku kadhaa au unakwenda mara kwa mara.
- Kadi ya benki kwenye hoteli kubwa na mashine za ATM.

Ukitaka kuingia hifadhi za taifa, jua kwamba malipo ya serikali kule hufanywa kwa namba maalum ya malipo, ambayo wao huiita "control number." Kampuni halali ya utalii itakuonyesha namba hiyo. Anayekuambia "tuma tu kwa namba yangu, tutaelewana getini," achana naye.

Moshi: mtori, kahawa na mlima

Kutoka Arusha ni kama kilomita 80. Moshi ni nyumbani kwa kahawa ya Wachagga. Chama chao cha ushirika, KNCU, kipo tangu miaka ya 1930. Panda hadi Materuni uone maporomoko na ujaribu kutwanga na kukaanga kahawa mwenyewe. Ukitaka kuogelea, chemchemi ya Kikuletwa, maarufu kama Chemka, ina maji ya buluu ambayo hayahitaji kuhaririwa kwenye simu.

Asubuhi kunywa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Mchana tafuta machalari, ndizi zilizopikwa pamoja na nyama. Ukishiba, toka nje uangalie Kilimanjaro. Mara nyingi mlima hujitokeza asubuhi mapema au jioni, mawingu yakifunguka.

Vijijini mtandao huyumba, kwa hivyo beba noti ndogo ndogo. Na siku ya mwisho panga matumizi yako vizuri. Shilingi za Tanzania zikikubakia, zibadilishe mpakani, maana ukifika Voi hazitakununulia hata soda.

Taveta hadi Voi: usipite tu

Mnarudi Kenya kupitia Holili na Taveta. Wengi hukanyaga mafuta hapa, lakini pana mengi. Ziwa Chala limekaa ndani ya kreta, nusu Kenya nusu Tanzania. Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa eneo hili, na kilima cha Salaita kilishuhudia mapigano ya mwaka 1916. Soko la Taveta lina ndizi za kila aina, kwa hivyo nunua mkungu upeleke nyumbani. Mbele kidogo ni mashamba ya katani ya Mwatate, kisha Voi na lango la Tsavo Mashariki.

Ada za mbuga za Kenya hulipwa kupitia eCitizen. Lipieni mkiwa bado mjini, wakati mtandao ni mzuri, na mhifadhi risiti kwenye simu.

Mombasa: malizia kwa tumbo

Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593 na iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011. Ukitoka, ingia Mji wa Kale kwa miguu. Asubuhi ni mahamri na mbaazi. Mchana biriani au wali wa nazi na samaki wa kupaka. Jioni viazi vya karai, mishkaki na madafu.

Huku mmerudi kwenye mfumo mliouzoea, na hapo ndipo watu hulegea. Kumbuka mambo haya:

- Lipa kwa till kabla ya kufikiria kutoa pesa. Kwa kawaida mteja hatozwi akilipa kwa till. Ukitoa kwa ajenti ili ulipe noti, unakatwa bure.
- Kama lazima utoe, toa mara moja. Tuseme ada ni shilingi 29 kwa kiasi chochote kati ya 101 na 2,500. Ukitoa 500 mara tano umelipa 145. Ukitoa 2,500 mara moja umelipa 29.
- Kubuku nyumba ya ufuoni, lipa biashara, si mtu. Picha nzuri na bei ya kutupa, kisha "tuma deposit haraka kuna mwingine anataka" ni dalili mbaya. Omba kupigiwa simu ya video ndani ya nyumba, na uhakikishe jina la paybill ni la biashara yenyewe.
- Ukikosea namba, anza ombi la kurudishiwa dakika hiyo hiyo. Usingoje mpaka mfike nyumbani. Aliyepokea akishaitoa, kuirudisha ni kazi ngumu.
- Ukipigiwa "nimekutumia kimakosa, nirudishie," angalia salio lako kwanza, si meseji. Mwambie aliyepiga apitie huduma kwa wateja.

Mkirudi Nairobi, mweka hazina afunge hesabu kabla ya kila mtu kushuka garini: ilichangwa ngapi, ilitumika ngapi, kila mmoja anarudishiwa ngapi. Mkimaliza hivyo, safari ijayo itapata watu wale wale.

Safari njema, na mkifika Moshi, mtori uwe wa moto.