Onyo Lililowahi, Hasara Iliyochelewa

Tarehe 23 Mei 2016, mwezi mmoja kamili kabla ya Waingereza kupiga kura ya maoni, Waziri Mkuu David Cameron na Waziri wake wa Fedha, George Osborne, walikwenda makao makuu ya kampuni ya B&Q huko Hampshire. B&Q huuza rangi, mbao, misumari na zana kwa watu wanaokarabati nyumba zao wenyewe. Ujumbe wa viongozi hao uliendana na mahali penyewe: wananchi wakichagua kujitoa katika Umoja wa Ulaya, walisema, watakuwa wamejitengenezea mdororo wa uchumi kwa mikono yao.

Ripoti ya Hazina iliyotolewa siku hiyo ilijaa takwimu nzito. Katika miaka miwili, ilisema, uchumi ungekuwa mdogo kwa asilimia 3.6 kuliko ambavyo ungekuwa kama nchi ingebaki. Watu wapatao 520,000 zaidi wangekosa kazi. Bei za nyumba zingekuwa chini kwa asilimia 10, na thamani ya pauni ingeshuka kwa asilimia 12. Na hayo yalikuwa makadirio ya hali ya afadhali. Katika hali mbaya zaidi, idadi ya waliokosa kazi ingeongezeka kwa 820,000.

Mwezi uliotangulia Hazina ilikuwa imetoa ripoti nyingine, ya muda mrefu. Hiyo ilisema kwamba kufikia mwaka 2030 Pato la Taifa lingekuwa pungufu kwa asilimia 6.2, sawa na pauni 4,300 kwa kila kaya kwa mwaka. Namba hiyo ya pauni 4,300 ndiyo iliyobandikwa kwenye mabango na kurudiwa redioni. Tangu siku ile ikawa mfupa wa kugombaniwa.

Osborne hakuwa peke yake. Christine Lagarde, aliyekuwa akiongoza Shirika la Fedha la Kimataifa, alisema matokeo ya kujitoa yangekuwa kati ya mabaya na mabaya sana. Gavana wa Benki Kuu ya Uingereza, Mark Carney, alitaja uwezekano wa mdororo. Kampuni ya utafiti wa maoni ya Ipsos MORI ilipowauliza wachumi zaidi ya 600 kwa niaba ya gazeti la Observer, asilimia 88 walijibu kwamba kujitoa kungedhuru ukuaji wa uchumi katika miaka mitano ijayo. Ni nadra kwa wachumi kukubaliana kiasi hicho juu ya jambo lolote.

Kambi ya kujitoa ilikuwa na jibu fupi: huu ni Mradi wa Vitisho. Jina hilo lilikuwa limesikika Uskoti katika kura ya maoni ya uhuru ya mwaka 2014, pale waliotaka Uskoti ibaki ndani ya Uingereza walipoonya kuhusu sarafu, pensheni na ajira. Nguvu yake ilikuwa kumpunguzia msemaji kazi ya kuchambua takwimu. Akishasema "wanawatisha," watu wanaacha kuuliza hesabu zimepatikanaje, wanaanza kuuliza aliyezitoa anataka nini.

Tarehe 3 Juni, Michael Gove, mmoja wa vinara wa kambi hiyo, aliulizwa kwenye televisheni ya Sky News ni mchumi gani wa maana anayemuunga mkono. Akajibu kwamba wananchi wamechoshwa na wataalamu wa mashirika yenye majina ya vifupisho, yanayodai kujua lililo bora huku yakikosea kila mara. Kauli hiyo imekuwa ikikatwa katikati, ikabaki kama dharau kwa usomi wote. Ukiisoma nzima, ina hoja yenye uzito: wengi wa wataalamu hao hawakuiona dhoruba ya fedha ya mwaka 2008 ikija, na baadhi yao waliwahi kuishauri Uingereza ijiunge na sarafu ya yuro. Aliyepoteza kazi au nyumba mwaka 2008 alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini aamini safari hii.

Kambi hiyo nayo ilikuwa na hesabu zake. Kikundi kidogo cha wachumi waliounga mkono kujitoa, akiwemo Patrick Minford wa Chuo Kikuu cha Cardiff, kilidai kwamba nchi ikitoka na kufuta ushuru wa forodha, Pato la Taifa lingepanda kwa takriban asilimia 4. Basi jekundu la kampeni lilizunguka nchi nzima likiwa na maandishi kwamba Uingereza hupeleka Ulaya pauni milioni 350 kila wiki. Mamlaka ya Takwimu ya Uingereza ilisema wazi kwamba namba hiyo inapotosha, kwa kuwa haikutoa punguzo ambalo Uingereza ilikuwa nalo wala fedha zilizorudi kwa wakulima, watafiti na mikoa maskini. Basi liliendelea na safari.

Pauni 4,300 nazo zilikuwa na kasoro. Hazina ilichukua upungufu uliokadiriwa katika Pato la Taifa ikaugawa kwa idadi ya kaya, kisha wanasiasa wakaitangaza kana kwamba ni fedha zitakazotoka mfukoni mwa kila familia. Pato la Taifa si mshahara wa mtu. Isitoshe, ripoti haikusema watu watakuwa maskini kuliko walivyokuwa. Ilisema nchi itatajirika polepole kuliko ambavyo ingetajirika. Kamati ya Bunge inayosimamia masuala ya Hazina, ikiongozwa na Andrew Tyrie, ilizikemea kambi zote mbili kwa kushindana kutoa madai ya kutisha na kuvutia kupita kiasi.

Osborne hakupunguza mwendo. Tarehe 15 Juni alitangaza kwamba kura ya kujitoa ingemlazimu kusoma bajeti ya dharura ya pauni bilioni 30: nusu kwa kupandisha kodi, nusu kwa kupunguza matumizi. Wabunge 57 wa chama chake wakatangaza kuipinga kabla haijaandikwa.

Siku nane baadaye watu milioni 17.4, yaani asilimia 51.9 ya waliopiga kura, walichagua kujitoa.

Usiku huohuo pauni ilianguka kutoka karibu dola 1.50 hadi chini ya dola 1.35, kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka 1985. Hapo onyo lilitimia. Mengine hayakutimia. Bajeti ya dharura haikusomwa kamwe. Watu waliendelea kununua nguo, magari na tiketi za likizo. Mdororo haukuja mwaka 2016 wala 2017. Badala ya kupanda kwa mamia ya maelfu, idadi ya wasio na kazi ilishuka, na kufikia mwaka 2019 kiwango chake kilikuwa chini ya asilimia 4, jambo lililokuwa halijatokea tangu katikati ya miaka ya 1970. Januari 2017, Andy Haldane, mchumi mkuu wa Benki Kuu, alikiri hadharani kwamba taaluma yake iko mashakani.

Kwa nini hesabu za muda mfupi zilikosea? Sababu ya kwanza imo ndani ya ripoti yenyewe. Hazina ilichukulia kwamba mazungumzo ya kutoka yangeanza mara moja, kama Cameron alivyokuwa ameahidi. Cameron akajiuzulu asubuhi ya matokeo. Barua rasmi ya kujitoa ilipelekwa Brussels tarehe 29 Machi 2017, nchi ikatoka tarehe 31 Januari 2020, na ikabaki katika soko la pamoja hadi mwisho wa mwaka huo. Kwa miaka minne na nusu baada ya kura, malori yalivuka Dover kama kawaida.

Sababu ya pili ni Benki Kuu. Ripoti haikuhesabu hatua ambazo benki ingechukua kupunguza makali. Agosti 2016 benki ilishusha riba kutoka asilimia 0.5 hadi 0.25 na kuanza kununua hatifungani za serikali za pauni bilioni 60. Sababu ya tatu ni watu wenyewe. Waandishi wa ripoti walidhani hofu ingewafanya wabane matumizi. Lakini milioni 17 kati yao walikuwa wamepata walichokipigia kura, na hawakuona sababu ya kuogopa.

Hadithi ingeishia hapo, wapinzani wa ripoti zile wangekuwa na haki ya kushangilia. Haikuishia hapo.

Kushuka kwa pauni kulipandisha bei ya bidhaa kutoka nje, na Novemba 2017 mfumuko wa bei ukafika asilimia 3.1 huku mishahara ikiburuza miguu. Uwekezaji wa makampuni, uliokuwa ukipanda vizuri kabla ya kura, ulisimama. Mwenye kiwanda asiyejua mwaka kesho atauza Ulaya kwa masharti gani hanunui mashine mpya. Hafungi kiwanda wala hafukuzi mtu, hivyo habari yake haifiki gazetini.

Januari 2021, mwezi wa kwanza nje ya soko la pamoja, mauzo ya bidhaa za Uingereza kwenda Umoja wa Ulaya yalishuka kwa takriban asilimia 40. Sehemu ya mporomoko huo ilitokana na korona na makampuni kujaza maghala mapema, na biashara ilirejea kiasi miezi iliyofuata. Lakini mkataba uliofungwa mkesha wa Krismasi 2020, ingawa uliondoa ushuru, uliacha makaratasi: vyeti vya afya ya mifugo, uthibitisho wa asili ya bidhaa, ukaguzi mpakani. Wavuvi wa chaza na kome katika baadhi ya maji ya Uingereza walijikuta hawaruhusiwi kabisa kuwauza wakiwa hai Ulaya bila kuwasafisha kwanza. Kampuni kubwa iliajiri watu wa kujaza fomu. Nyingi ndogo ziliacha kuuza Ulaya.

Ofisi huru inayokagua bajeti ya Uingereza hukadiria kwamba, kwa muda mrefu, tija ya nchi itakuwa chini kwa asilimia 4 kuliko kama ingebaki, na biashara yake na nje itakuwa pungufu kwa asilimia 15. Utafiti uliotolewa mwaka 2025 na kundi la wachumi akiwemo Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford ulikwenda mbali zaidi na kukadiria kwamba Pato la Taifa lilikuwa tayari pungufu kwa asilimia 6 hadi 8. Wapo wanaozipinga hesabu hizi. Wanasema ni vigumu kutenganisha athari za kujitoa na zile za korona na vita vya Ukraine, na wana sababu: Uingereza iliyobaki ndani ya Ulaya haipo popote tuipime. Hata hivyo makadirio mengi yanaangukia karibu na ripoti ile ya Aprili 2016, iliyozikwa chini ya kelele za ripoti ya Mei.

Hasara ya namna hii ni ngumu kuionyesha. Mkulima aliyevuna magunia 12 mwaka jana na 13 mwaka huu hajisikii kupoteza kitu; ukimwambia kwa mbegu nyingine angevuna 14, atakuuliza hilo gunia moja liko wapi. Serikali ya Cameron ilijua ugumu huo, ndiyo maana ikatafuta kitu cha kuonekana haraka: mdororo, bajeti ya dharura, tarehe. Kitu hicho kilipokosa kutokea, kilichafua pia onyo la polepole lililokuwa na mashiko zaidi. Wale waliokuwa na ushahidi mzuri ndio waliouharibu, na wananchi hawastahili kulaumiwa kwa kutowaamini tena.

Kulikuwa na pengo lingine ambalo takwimu sahihi zaidi zisingeliziba. Anand Menon, profesa wa King's College London, ameeleza jinsi alivyokuwa Newcastle kabla ya kura, akiwaambia wasikilizaji kwamba Pato la Taifa lingeshuka. Mwanamke mmoja akampigia kelele kwamba hilo ni pato la profesa na wenzake, si la watu wa pale. Katika miji ya kaskazini-mashariki ambako migodi na viwanda vya meli vilifungwa, ukuaji wa uchumi ulikuwa kitu cha kusomwa kwenye magazeti ya London. Jirani tu, Sunderland, ambako maelfu wanaajiriwa na kiwanda cha Nissan kinachouza magari mengi Ulaya, asilimia 61 walipiga kura ya kujitoa. Mwaka 2019 Nissan ilifuta mpango wa kutengeneza gari la X-Trail pale. Mwaka 2023 ikatangaza uwekezaji mkubwa wa magari ya umeme. Kila upande wa mjadala una tukio lake la kulionyesha.

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji tu. Julai 2016, wiki chache baada ya kura, Tanzania ilisema haitasaini mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya, na miongoni mwa sababu ilizotaja ni hali ya sintofahamu iliyoletwa na kuondoka kwa Uingereza. Kenya na Rwanda zilisaini Septemba mwaka huo. Kenya haimo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zaidi, kwa hiyo maua na mboga zake zingetozwa ushuru Uingereza bila mkataba mpya. Ilibidi ijadiliane na London peke yake, na mkataba ukasainiwa Desemba 2020, wiki tatu kabla ya muda kwisha.

Mabishano ya aina hii hayajaisha duniani. Januari 2025 Mali, Burkina Faso na Niger zilijitoa rasmi katika ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya Afrika Magharibi, na wafanyabiashara wa mifugo na nafaka wa kanda hiyo wanasikia tahadhari na majibu yanayofanana na ya Uingereza. Wakazi wa Namanga na Holili, ambao wazee wao wanakumbuka mpaka wa Kenya na Tanzania ulivyofungwa Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, hawahitaji kufundishwa maana ya kutengana.

Kwa msomaji atakayeletewa namba siku moja na mwanasiasa wa upande wowote, yapo maswali matatu ya kumuuliza. Hasara hii itaonekana baada ya muda gani? Inalinganishwa na nini: hali ya leo, au hali ambayo ingekuwapo? Na itamwangukia nani? Majibu ya maswali mawili ya kwanza yalikuwamo katika ripoti ya Hazina ya Aprili 2016, kwa yeyote aliyepitia kurasa zake. La tatu lilipata nafasi finyu mno, nalo ndilo lililoulizwa kule Newcastle.