Dawa Moja, Mali ya Wote

Mtu aliyepata kusimama machinjioni asubuhi hapa kwetu amemwona mkaguzi wa nyama akilipasua ini, akilitazama, kisha akilitupa. Katika mifereji ya nyongo wamejaa minyoo bapa, mfano wa majani madogo. Ini hilo ni kitoweo kilichopotea na fedha za mfugaji zilizopotea. Minyoo wa jamii hiyo wamo pia katika nchi za baridi zenye kondoo wengi, na yaliyowapata wafugaji wa huko yafaa yafahamike kwa kila mtu atumiaye dawa, hata kama hafugi kuku.

Yai la mnyoo huyu hutoka katika mavi ya kondoo na kuanguliwa mahali penye majimaji. Buu wake humwingia konokono mdogo, na humo huongezeka hata yai moja laweza kutoa mamia ya mabuu. Hao hutoka wakajishika kwenye majani, na kondoo huwameza pamoja na malisho. Hutoboa utumbo, huingia katika ini, na kwa muda wa majuma 6 hadi 8 hulichimba kama mchwa achimbavyo nguzo. Siku hizo ndipo kondoo hufa ghafula, tena kwa wingi. Yaani walio hatari zaidi ni wale wachanga.

Mwaka 1983 ilianza kuuzwa dawa iitwayo triklabendazoli. Dawa nyingine ziliwaua minyoo waliokomaa, au waliokaribia kukomaa. Hii iliwaua hata wale wa siku chache. Wafugaji waliipokea kwa mikono miwili, wakaitumia mwaka baada ya mwaka, na wengi hawakutumia nyingine. Mwaka 1995 ikatangazwa kwamba katika jimbo la Victoria, nchini Australia, wamepatikana kondoo ambao minyoo yao haikufa kwa dawa hiyo. Baadaye habari za namna hiyo zikatoka Ireland, Scotland, Wales, Uholanzi na Hispania.

Je, dawa ilipungua nguvu? La, hasha. Katika maelfu ya minyoo wamo wachache waliozaliwa na ugumu. Dawa ikiwaua wenzao, wao hubaki na ini lote ni lao. Kila mmoja ni dume na jike pamoja, hutaga maelfu ya mayai kwa siku, na konokono huzidisha kizazi chao. Mfugaji akikisia uzito wa kondoo kwa macho, au bomba lake la kunyweshea likiwa bovu, kondoo hupata kipimo pungufu. Na kipimo pungufu huwaokoa hata minyoo ambao kipimo kamili kingewaua.

Hapa ndipo tuonapo uzito wa jambo lenyewe. Minyoo hawajui mpaka wa shamba. Kondoo mwenye minyoo sugu huuzwa mnadani, huhamia bonde jingine, na jirani ambaye hakukosea lolote hujikuta anamwaga dawa bure. Tena dawa hiyo ndiyo Shirika la Afya Duniani linaloagiza watibiwe binadamu, ambao huambukizwa kwa kula mabichi majani yaotayo majini. Mwaka 2012 waganga wa Uholanzi waliandika habari za mgonjwa aliyepewa dawa hiyo zaidi ya mara moja, na minyoo isimtoke. Uzembe wa zizini umekwisha kufika kitandani kwa mtu.

Njia ya kujilinda yajulikana. Kondoo wapimwe kwa mzani, na kipimo kifuate uzito wa aliye mzito katika kundi. Mavi yachunguzwe kabla ya dawa, na tena yapata majuma matatu baadaye, ili ijulikane kama mayai yamekwisha. Minyoo wakiwa wamekomaa, itumike dawa nyingine, na ile ya wachanga iwekwe akiba. Kondoo mgeni atengwe kwanza. Penye kinamasi pazungushiwe ua.

Twajua watakaosema kwamba mzani ni ghali na maabara iko mbali. Ni kweli, mfugaji mmoja hawezi. Lakini wafugaji ishirini wakichanga wataupata mzani, na bwana mifugo akiitwa na kijiji kizima atachukua mavi ya makundi yote kwa safari moja. Madukani mwetu dawa za minyoo zauzwa kwa yeyote mwenye fedha, naye huenda nazo nyumbani akakisie. Ndivyo walivyofanya wenzetu wa mbali, na sasa wanajuta. Chupa ni mali ya aliyeinunua. Nguvu ya dawa iliyomo ni mali yetu sote, na hana mtu ruhusa ya kuiharibu peke yake.