Je, Wajua? Tangi la Matumbawe Halimwagwi Maji Yote

Maji ya tangi la matumbawe la nyumbani hubadilishwa kidogo kidogo. Wafugaji wengi hutoa asilimia 10 tu kila wiki, au 20 kila wiki mbili. Kwa tangi la lita 200, hiyo ni ndoo moja ya lita 20 kwa wiki! Yakibadilishwa yote kwa mkupuo, chumvi na joto huweza kuyumba ghafla, na matumbawe yakafa.

Adui anayepunguzwa kwa kubadilisha maji ni nitrati. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, sumu kali kwa samaki. Bakteria waishio kwenye mawe huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, nayo hulimbikizana majini.

Maji mapya huleta pia kalsiamu, madini ambayo matumbawe hujengea mifupa yao. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban miligramu 400 za kalsiamu.

Maji hupotea kwa mvuke, lakini chumvi hubaki tangini. Ndiyo maana pengo hilo hujazwa maji yasiyo na chumvi. Yakiongezwa ya chumvi, kiwango hupanda kupita cha bahari, ambacho ni karibu gramu 35 kwa lita.

Si kila tangi hutegemea ndoo: Monterey Bay Aquarium, jumba la maonyesho ya viumbe wa baharini jimboni California, Marekani, huvuta maji moja kwa moja kutoka baharini. Mchana huchujwa ili wageni waone vizuri. Usiku huingia bila kuchujwa, yamejaa viumbe wadogo wanaoliwa na wanyama wa humo.