Mahindi Mabovu, Ugali wa Mbwa

Katika maboma mengi ya Kisii na Nyamira, mbwa hula baada ya watu kumaliza. Ukoko wa ugali hukwanguliwa, ukatiwa mchuzi uliobaki na vichwa vya omena. Siku ya sherehe huongezewa mifupa. Akitapika au akiendesha kesho yake, mfupa ndio hulaumiwa kwanza, na mara nyingi kwa haki: mfupa wa kuku uliopikwa huvunjika vipande vyenye ncha. Hata kokwa la parachichi, tunda lililojaa mashambani huku, laweza kumziba utumbo.

Mshukiwa asiyetajwa sana ni unga wenyewe.

Milima hii hupata mvua karibu mwaka mzima. Mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai pande za Keroka huzolewa mbiombio wingu likitanda, na mengi huingia ghalani kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 13.5 inayofaa. Humo kuvu wa Aspergillus huota. Wakati wa kuchambua, punje zenye ukungu wa kijani hutengwa: watu hawawezi kuzila, basi zisagwe za mbwa. Uamuzi huo huonekana wa busara, kumbe ndio kosa. Aflatoksini, sumu ya kuvu hao, haimalizwi na moto wa jikoni, hata ugali uive namna gani. Hushambulia ini, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi.

Kenya inaijua vizuri. Mwaka 1977 mbwa na kuku wengi walikufa kwa sumu hiyo Nairobi, Mombasa na Eldoret. Mwaka 2004 ikawa zamu ya watu: 125 walifariki, wengi wao Makueni na Kitui. Hata Marekani, mwishoni mwa 2020, chakula cha dukani chenye mahindi kiliua mbwa zaidi ya 70.

Lakini si kila kuhara ni sumu hiyo. Mbwa mzima aliyeiba mabaki jalalani huhara siku moja au mbili, lakini bado hutikisa mkia. Mpe maji kidogo kidogo, kisha wali mweupe na nyama ya kuku isiyo na mfupa wala mafuta. Mvute ngozi ya mabega na kuiachia: isiporudi mara moja, amepungukiwa na maji. Ufizi ukigeuka manjano, au akisusa chakula na kutoa choo cheusi, huenda ini limeguswa. Huyo ni wa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Vilevile mtoto wa mbwa anayetapika na kuhara damu yenye uvundo. Huenda ni parvo, virusi vilivyoenea duniani tangu 1978, na chanjo yake huanza akiwa na wiki sita hadi nane.

Panadol na Brufen za nyumbani zisimkaribie, zinaweza kumuua. Na mbwa anayetoa udenda akishindwa kumeza, usitie mkono kinywani kutafuta mfupa. Kichaa cha mbwa huanza hivyo pia.

Mahindi yenye ukungu basi yaende wapi? Yachomwe au yafukiwe mbali na mifugo. Kumhamishia ng'ombe si suluhisho, kwa sababu sehemu ya sumu hutoka kwenye maziwa, na kuyachemsha maziwa hakuiondoi.